Kibodi Nzito ya Mama Skola

Kwenye baraza la Muharami, fundi cherehani wa Newala, kuna mahali ambapo saruji imebaki nyeupe kuliko kwingine. Ni padogo, panatosha meza moja na kiti kimoja, na ukiinama utaona alama zilizochimbwa na miguu ya meza kwa kusimama palepale miaka mingi. Muharami hajaweka kitu hapo. Mteja akitua mzigo wake juu ya alama hizo, humwomba asogee kidogo, kisha hushindwa kueleza kwa nini. Asubuhi, kabla ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma haujatawanyika, hukanyaga cherehani yake peke yake, na mlio wake husikika kama wa mtu anayezungumza bila kujibiwa.

Aliyekuwa akimjibu ni Dorika Bartholomayo, mpiga chapa.

Dorika alijifunza kazi hiyo Masasi akiwa msichana, kwa mama mmoja wa misheni aliyekuwa akiwafunika wanafunzi wake mikono kwa kitambaa ili wasiangalie herufi. Kitambaa kile kilimwingia rohoni. Maisha yake yote aliamini kwamba kazi nzuri hufanywa na vidole vilivyofunikwa, na kwamba kinachoandikwa si cha kila jicho. Akaajiriwa katika ofisi ya ushirika, zamani zile korosho zote za uwanda wa Newala zilipokuwa zikipita mlango mmoja, na akaandika barua za korosho mpaka akaota ndoto za korosho.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao na mizani yao mpaka vijijini, na ile ofisi ikakosa la kumwandikia mtu. Barua zilipungua, mishahara ikapungua, mwishowe wakapungua watu. Dorika alipoagwa aliomba mashine yake ya chapa, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, akapewa. Akaibeba kichwani hadi barazani kwa Muharami, akaomba kona. Tangu siku hiyo mtaa ukawa na milio miwili: cherehani ikikimbia, mashine ya chapa ikidonoa. Muharami alizoea kumaliza pindo la suruali pale Dorika anapofika mwisho wa mstari na kengele ya mashine kulia.

Aliandika maombi ya kazi, mialiko ya harusi, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Lakini kazi iliyomfanya ajione bado ni mpiga chapa, na si mwanamke mwenye mashine barazani, ilikuwa moja tu. Kila mwaka Mwalimu Yeremia, mkuu wa sekondari, alimletea mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Siku hizo Dorika aligeuza meza ikatazama ukuta. Walimu walimpa maswali yaliyoandikwa kwa mkono. Akishayapiga chapa na kuyapitia, aliyachoma jikoni kwake, karatasi kwa karatasi, na kulivuruga jivu kwa mwiko. Hakuna mwaka ambao swali lilitoka nje. Watoto wa majirani walikuwa wakimsalimia kwa adabu ya kupita kiasi msimu ule, na yeye aliitikia marahaba bila hata kupepesa jicho.

Mwaka mmoja Mwalimu Yeremia alikuja mikono mitupu. Alikaa, akauliza habari za Skola, binti yake Dorika aliyekuwa akisomea uuguzi Ndanda, akasema mvua zilikuwa za wastani. Mtu wa kule akianza na mvua za wastani, ana jambo. Mwishowe akalitoa: kuanzia mwaka ujao mitihani iwe imeandikwa kwa kompyuta. Shule ilikwisha kupewa printa na mfadhili, nayo ilikaa ndani ya boksi kwa kukosa kompyuta ya kuiunganisha. Huko Masasi kulikuwa na duka la kuchapa kwa kompyuta.

"Nisingependa kuwapelekea, Mama Skola," alisema. "Huko hawafuniki kitu. Watu wanasoma wakichungulia juu ya mabega yao."

"Basi usiwapelekee," Dorika alisema. "Ningoje korosho ziuzwe."

Alisema kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Hakujua. Kompyuta aliwahi kuiona moja tu, benki, kwa mbali, na mgongo wake ndio uliokuwa umemtazama.

Shamba la mikorosho alilirithi pamoja na kaka yake, Dastani, na msimu ule mikorosho haikuwaangusha. Hata hivyo, kompyuta mpya nzima, ya kutoka Dar es Salaam kwenye maboksi yake, ilikuwa mbali na mkono wake. Iliyokuwa karibu ni ile ambayo fundi anaiunganisha kwa vipande, kipande hiki kipya na kile kilichotumika. Dastani aliposikia alicheka puani.

"Kompyuta ya kuokoteza," alisema.

Neno hilo lilimganda Dorika kama utomvu wa korosho. Alishuka nalo Masasi.

Fundi aliitwa Nasibu. Alianza na redio, akaingia kwenye televisheni, na sasa kibanda chake karibu na soko kilijaa matumbo ya kompyuta. Alimwamkia Dorika kwa heshima zote, akamwuliza anatoka wapi. Aliposikia Newala, aliweka chini chuma chake cha kuchomelea na uso ukamchangamka, kwa maana yeye alikuwa Myao, na mtani alikuwa amejileta mwenyewe.

"Ninyi Wamakonde si mnachonga? Chukua gogo la mpingo uchonge kompyuta, mimi nitakutilia waya."

"Ningechonga," Dorika alisema. "Lakini nyinyi Wayao mngeliuza gogo kabla halijapata masikio."

Nasibu alicheka, akamvutia kigoda. Kisha akatandika gunia chini na kuanza kupanga vipande mbele yake, kimoja kimoja, kama mama anayempangia mwali vyombo vyake. Alikuwa mtu wa kupenda mbio. Akamwonyesha prosesa, yaani ubongo wa mashine, akasema hii inakwenda kasi kuliko zote alizonazo. Akamwonyesha kadi ya picha. Akamwonyesha kesi, lile kasha la nje, lenye taa ya buluu kifuani, ambalo vijana wa mjini walikuwa wakiligombania.

Dorika alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kugusa kitu kimoja kimoja kwa kidole.

"Hiki, nikiandika barua, kinafanya nini?"

Nasibu alikigeuzageuza mkononi. Alikuwa mfanyabiashara, lakini uongo ulikuwa haumkai mdomoni. "Ukiandika barua? Hakifanyi kitu."

"Kirudishe."

Kadi ya picha ikarudi kwenye boksi. Taa ya buluu ikarudi. Prosesa ya mbio ikarudi, na badala yake akachukua ya wastani iliyotolewa kwenye ofisi fulani ya Dar es Salaam, maana barua, alisema, haijawahi kuchelewa kwa sababu ya mpiga chapa kufikiri polepole. Kwenye memori, Nasibu alimsihi asibane. Huko ndiko mashine inakoshikilia kazi iliyo mkononi, alieleza, na mkono mdogo hudondosha vitu. Dorika akakubali, akachukua vijiti viwili vilivyotumika. Lakini diski, mahali pa kuhifadhi maandishi, alikataa katakata ya mtumba.

"Hilo ni kabati," alisema. "Kabati la mtu mwingine sitaki. Nipe dogo, lakini liwe langu tangu mwanzo."

Ilipofika zamu ya pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa, Nasibu alimpa viwili avipime mikononi, kila mkono chake. Bei hazikuachana sana. Kimoja kilikuwa chepesi kama boksi la viberiti. Kingine kilivuta mkono chini. Dorika alifikiria umeme wa Newala, unavyofifia jioni na kurudi kwa kishindo, akashika kile kizito, na fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaongeza na stabilaiza ya kutuliza umeme. Kasha alichagua la bei ya chini kabisa, la kijivu, lililobonyea ubavuni. Skrini ilikuwa ya zamani, yenye kisogo kirefu na mkwaruzo wa kucha kwenye kona.

Ikabaki kibodi. Hapo ndipo walipokwama. Nasibu alikuwa nazo mpya kadhaa, nyeusi, za kuteleza. Dorika aliweka kila moja magotini, akafumba macho, akapiga. Alipiga jina lake, jina la Skola, na "Ndugu Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu." Kila moja aliirudisha. Zilikuwa laini, alisema, kama kubonyeza mkate. Kidole hakijui kama kimefika. Wateja wengine walikuwa wamesimama wakimtazama mwanamke aliyefumba macho akiandikia hewa. Alipoyafungua, yalitua mlangoni.

"Ile je?"

Ilikuwa kibodi kuukuu, ya rangi ya meno ya mvuta sigara, nzito kama tofali, iliyowekwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nasibu alisema hiyo ni ya mlango. Dorika aliichukua, akaifuta kwa ncha ya kanga, akafumba macho. Vidole vilishuka, vitufe vikajibu kwa mlio mkavu, kila kimoja kwa wakati wake.

"Hii."

"Mama Skola, hiyo ni ya mlango."

"Mlango utafutie jiwe."

Wakati wa kuagana, baada ya kumfundisha kuwasha, kuandika, kuhifadhi na kuzima, Nasibu alimpa neno la mwisho. Adui wa mashine hii ni vumbi. Mara mojamoja afungue ubavu wa kasha na kuipulizia.

Basi kompyuta ikapanda Newala, na mtaa ukashuhudia. Muharami alilalamika siku mbili tatu kwamba kengele ya mwisho wa mstari haipo, kisha masikio yake yakaizoea ile milio mikavu, na mapindo yake yakapata pa kuishia tena. Waliokuja kucheka walirudi na barua zao. Dastani mwenyewe alileta orodha ya wanachama wa kikundi chake, akasimama nyuma kutazama jina lake likitokea kwenye kioo, asiseme chochote kuhusu kuokoteza.

Ukafika msimu wa salfa. Asiyeujua uwanda ule hawezi kudhani jinsi msimu huo unavyoingia kila mahali. Mikorosho ikianza kuchipua, wanaume hubeba mashine za kupulizia mgongoni, wakatembea chini ya miti alfajiri kabla upepo haujaamka, na unga wa manjano hafifu hupanda kama moshi usio na moto kuukinga mti na ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua. Nguo zinanuka salfa, shuka zinanuka, hata chai. Juu ya hayo kuna vumbi jekundu la kiangazi. Feni ya kompyuta ya Dorika ilianza kukoroma.

Akakumbuka: kupulizia. Na Newala, msimu ule, neno hilo lina kifaa chake kimoja tu. Dastani alipopita kumjulia hali akiwa na mashine mgongoni, akitoka shambani, Dorika alifungua ubavu wa kasha akamwonyesha. Dastani alimwaga unga wote uliobaki, akaligonga tangi mpaka likalia tupu, akavuta kamba. Mashine ilinguruma. Vumbi jekundu lilitoka ndani ya kasha kama kundi la nyuki, Muharami akakimbia na vitambaa vyake, na wote watatu wakakohoa huku wakicheka. Feni ikanyamaza. Dorika alimkaribisha kaka yake mihogo kwa kazi nzuri.

Mitihani ililetwa. Dorika aligeuza meza ikatazama ukuta, akapiga chapa somo baada ya somo, akahifadhi ndani ya kabati lake, na kila alipomaliza somo aliyachoma maandishi ya mkono jikoni kama alivyofanya siku zote. Alikuwa amepanga kuchapa yote pamoja, Ijumaa, kwa printa ya shule, ili karatasi zisilale nje hata usiku mmoja. Jumatatu wanafunzi wangeketi.

Ijumaa ilikuja na ukungu mzito. Alibonyeza kitufe. Feni ilizunguka, lakini kioo kilibaki cheusi, na kutoka ndani ya kasha ukatoka mlio mfupi, ukarudia, ukarudia tena, kama kifaranga aliyeachwa. Alizima, akawasha. Kifaranga yuleyule. Muharami alisimamisha cherehani.

Hakulia. Aliketi mikono juu ya ile kibodi, na mawazo yakampeleka kwenye gunia la Nasibu, kipande baada ya kipande: vile vijiti viwili vya mtumba, ile prosesa ya ofisi ya watu, kasha lililobonyea. Ni kipi kati yao kilimsaliti? Mitihani ya masomo yote ilikuwa humo, na nakala nyingine ilikuwa jivu. Alilivuruga mwenyewe kwa mwiko. Dastani alipofika na kuambiwa, alifungua mdomo, na Dorika akaliona neno likija.

"Ukilisema," alimwambia, "sitakusamehe mpaka kufa."

Muharami ndiye aliyekumbuka kwamba gari la misheni lilikuwa likimpeleka mgonjwa Ndanda na lingepita Masasi. Dorika alilivisha kasha kanga, akalipakata. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja mwenye mguu uliovimba, aliyelazwa kiti cha nyuma. Njia nzima ya mteremko alikitazama kile kitu kilichofunikwa.

"Nacho kinaumwa?" hatimaye aliuliza.

"Kinaumwa, mama."

"Pole," bibi alisema, akausogeza mguu wake ili kasha lipate nafasi.

Kule kwenye kibanda, Nasibu hakuanza utani. Aliuona uso wa Dorika, akapokea kasha kwa mikono miwili, akafungua ubavu. Akainama. Akanusa. Akanusa tena, akamtazama.

"Mama Skola. Ulipulizia humu?"

"Nilipulizia, kama ulivyoniambia."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mashine ya Dastani."

"Mashine ya nini?"

Dorika alianza kuelewa kabla hajajibu. "Ya mikorosho," alisema.

Nasibu aliketi chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, akajaribu kuomba radhi, akacheka tena. Alisema amewahi kukuta ndani ya kompyuta panya, sisimizi, na mjusi aliyekauka, lakini kompyuta iliyokingwa na ubwiriunga alikuwa hajaiona, na kwamba hakika mwaka huu itazaa vizuri. Kisha, kwa sauti nyingine, akaeleza kwamba tangi hata likimwagwa mrija haumwagiki. Unga uliobaki humo ulirushwa kwenye kila upenyo, ukakaa kwenye meno ya vijiti vya memori, na ukungu wa asubuhi ukaufanya tope.

"Imekufa?" Dorika aliuliza.

"Ngoja."

Alivichomoa vijiti, akavikwangua meno taratibu kwa kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, mpaka vikarudi kung'aa. Akapiga brashi kila mfereji, akapitisha pamba yenye spiriti. Dorika alimtazama kama mtu anayemtazama daktari, akisoma kila mkunjo wa paji lake. Fundi alirudisha vijiti, akasikiliza vikiingia, akaunganisha skrini yake mwenyewe na ile kibodi nzito, maana Dorika alikuja nayo pia, na akabonyeza.

Kifaranga alilia mara moja tu. Kioo kikapata mwanga.

Kabla Nasibu hajatamka neno, Dorika alikuwa amevua kanga ya mabegani na kuitupa juu ya skrini.

"Toka nje," alisema.

"Mimi?"

"Wewe."

"Hiki ni kibanda changu, na shule nilimaliza zamani."

"Una wadogo. Toka."

Nasibu akatoka, akasimama mlangoni kwa watu, mikono mfukoni, kama mteja. Dorika akaingiza kichwa chini ya kanga. Humo, kwenye mwanga wa samawati unaonuka salfa, akafungua kabati lake. Hisabati ilikuwepo. Historia ilikuwepo. Biolojia, yenye ule mchoro wa moyo uliomtesa siku nzima, ilikuwepo na mishipa yake yote. Alipitia kila somo mpaka swali la mwisho, akafunga.

Alipotoka alihisi njaa, njaa kubwa ya mtu mzima aliyesahau kula tangu jana yake. Nasibu alimwagizia chai na mihogo ya kukaanga. Dorika alikula yote.

"Kwa hiyo si vifaa?" aliuliza, akifuta vidole.

"Si vifaa. Vifaa ulichagua vizuri. Tatizo ni kaka yako."

"Kaka yangu ulimtuma wewe. Ungesema brashi."

Nasibu alikubali, na kwa fidia akampa ile brashi.

Jioni hiyo alipata gari la kurudi, na Jumamosi asubuhi printa ya shule ilimaliza kazi kabla ukungu haujaondoka. Jumatatu wanafunzi waliketi. Dastani alipoulizwa na watu kilichotokea, alisema mashine ilikuwa na homa kidogo. Muharami alishona mfuko mnene wa turubai wa kulivika kasha msimu wa salfa, wenye mapindo mawili, akakataa kulipwa.

Miaka mingine kadhaa mitihani iliendelea kupita barazani, meza ikitazama ukuta. Baadaye ikawa inaletwa ikiwa tayari kutoka wilayani, na Dorika aliyakubali. Kazi ile ilimtoka mikononi ikiwa safi, na hilo lilimtosha. Mama yake alipokuwa hawezi tena kuteka maji mwenyewe, Dorika alifunga mizigo, akamwachia Muharami baraza.

Sasa Dorika Bartholomayo anaishi Lulindi, katika nyumba ya mama yake, na kila Alhamisi anapiga chapa ratiba ya ibada za Jumapili kwa kibodi ileile.